Jumatatu alijipa tano, Jumatano akajipa mbili, na mkono ulikuwa ule ule

Kisa hiki ni cha Lamu, kambi ya macho ya wiki moja, na ruhusa ya mwanagenzi mwenyewe ninayo, alinambia andika Dakta ila jina langu usitaje na hospitali usitaje. Sawa. Yeye ni klinikal ofisa, kashatibu macho miaka kadhaa, sasa anasomea kupasua mtoto wa jicho, maana hapa Kenya klinikal ofisa akiongeza masomo hayo anaruhusiwa kupasua, na tuseme ukweli, bila hao wazee wetu wengi wa visiwani wangekaa kwenye giza mpaka siku ya kufa. Mimi ndo nilikuwa msimamizi wake. Kwa hivo kuna mambo humu yananihusu na mimi, na si mazuri.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Siyu, kisiwa cha Pate, zamani alikuwa akishona viatu vya ngozi, kazi ya watu wa Siyu tangu enzi na enzi. Alikuja na mjukuu wake, wakangoja maji yajae ndo boti ipite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, wakatufikia jua lishapanda. Jicho la kulia alikuwa anaona mkono ukipungwa mbele ya uso, basi, zaidi ya hapo hakuna. Nilipomulika nikaona kiini cha lensi ya jicho ni cha kahawia kweli kweli, rangi ya tende, na rangi hiyo kwa anaejua maana yake ni kiini kigumu na kikubwa, hakitoki kwa kubembelezwa.

Kwa wasioijua hii kazi nieleze haraka haraka. Kambini hatutumii ile mashine ya kuvunja kiini kwa mawimbi, tunafanya kwa mkono. Unachonga njia kwenye weupe wa jicho, imelala vizuri hivi kwamba baadae inajifunga yenyewe bila uzi. Unaingia, unafungua ukuta wa mbele wa kifuko cha lensi kwa duara, sisi twaita reksisi. Unapiga maji kidogo pembeni ili kiini kiachane na kifuko, kinanyanyuka kinakuja mbele, unakitoa, unaosha mabaki, unaweka lensi ya plastiki. Kifuko chenyewe lazima kibaki, ndo kitanda cha lensi. Na ukuta wake wa nyuma una unene wa mikroni kama 4 hivi, unywele wa kichwani ni zaidi ya mara kumi ya huo. Ukipasuka, ule ute wa nyuma ya jicho, vitriasi, unakuja mbele na hapo kazi ya robo saa inakuwa ya saa nzima.

Sasa, siku ya Jumatano. Mwanagenzi alichonga njia vizuri, akafungua reksisi, mimi niko upande wa pili naangalia kwa kile kijicho cha pembeni cha darubini. Au niseme nilikuwa naangalia kwa nusu, maana meza ya pili sista alikuwa ananiuliza habari ya saizi ya lensi. Akapiga maji. Kiini kikanyanyuka kikajaa pale kwenye duara kama kizibo cha chupa, maji yako nyuma hayana pa kutokea, nae bado anasukuma sirinji. Mboni ikajikunja ghafla, pap, halafu nafasi ya mbele ikawa na kina ambacho sekunde moja kabla hakikuwepo. Kila aliyepasua macho akiiona hiyo tumbo linamuuma. Kifuko kimepasuka nyuma. Mzee akakohoa.

Nikakaa mimi. Nikaingiza jeli chini ya kiini kisizame, nikazikata kingo za reksisi kidogo kuipanua, nikakitoa polepole, vitriasi tukaisafisha kwa sponji na mkasi mpaka mboni ikawa duara tena bila uzi wowote wa ute huo kunasa kwenye kidonda. Kingo za mbele zilizobaki zilitosha kushika lensi, nikailaza juu yake, nikatia uzi mmoja. Hapo nacheka kidogo, ile reksisi ndogo iliyotuponza ndo hiyo hiyo iliyotuachia kingo pana za kuwekea lensi.

Sasa kisa chenyewe ninachotaka kukichambua hakiko kwenye jicho, kiko kwenye fomu.

Kila jioni mwanagenzi anajaza fomu ya kujipima, halafu mimi najaza ya kwangu bila kuona yake. Tunatumia ile ya OSCAR, ya Baraza la Kimataifa la Tiba ya Macho, inaenda hatua kwa hatua, kufunika jicho, kuchonga njia, reksisi, kupiga maji, kutoa kiini, kuosha, lensi, halafu mambo ya jumla kama kuliweka jicho katikati ya darubini, kuilinda irisi, ile pete yenye rangi kuzunguka mboni, kasi na ulaini wa mkono. Kila kipengele kina maelezo ya mkono wa aina gani unapata skoa gani, kuanzia mbili ya mgeni kabisa mpaka tano ya anaemudu. Yaani si fomu ya "ulijisikiaje", imeandikwa kabisa mtu wa tatu anafanya hivi, mtu wa tano anafanya vile.

Jumatatu alipasua macho mawili. Reksisi akajipa tano, kupiga maji tano, kutoa kiini tano. Jumanne vivo hivo, nne moja tu kwenye kuosha. Jumatano, fomu ya yule mzee wa Siyu, mbili. Zote. Kuanzia juu mpaka chini mbili mbili mbili, hata kwenye kufunika jicho kwa kitambaa cha theta alijipa mbili, na kwa kweli alikifunika vizuri kuliko ninavyokifunika mimi. Halafu pale chini penye nafasi ya maelezo akaandika maneno mawili: "Mgonjwa alikohoa."

Nilikaa na hiyo karatasi muda. Mtu huyu huyu mmoja, kwenye ukurasa mmoja, kajihukumu kifungo cha maisha na wakati huo huo kajiachia huru. Kama ni kikohozi basi mbili za nini? Na kama ni mbili basi kikohozi kinatafuta nini hapo chini?

Bahati nzuri tulikuwa tunarekodi. Si mitambo ya maana, ni simu imebanwa kwenye kijicho cha pembeni kila ninapokiachia, na Jumatano niliibana kabla sijaingia na ikawa inachukua kwa lensi ya pili ya darubini, wagonjwa walikuwa wameombwa ruhusa na uso wa mtu hauonekani, ni jicho tu limejaa skrini. Lakini simu ina kitu ambacho kamera nyingi za darubini hazina, inachukua sauti.

Alhamisi baada ya isha tukapanda paa la nyumba tuliyofikia, mimi, yeye na sista mmoja mtu mzima wa Lamu ambaye theta kaizoea kuliko sisi wote. Tukaanza na ya Jumatano. Mboni ikajikunja. Tukahesabu, moja, mbili, tatu, nne, ndo kikohozi. Akasema rudisha. Tukarudisha. Mara ya tatu akaishika simu mwenyewe akaiweka sikioni kama anapokea, sijui alitaka kusikia nini. Kikohozi kilikuja baada.

"Dakta, wallahi mimi ningeapa mahakamani kilikuja kwanza."

Namwamini. Hakuwa anadanganya. Kichwa chake kilishapanga habari upya usiku ule ule, kikatanguliza sababu kabla ya janga maana ndo mpangilio unaoingia akilini, na kufikia saa ya kujaza fomu ile ikawa ndo kumbukumbu yenyewe. Ndo maana mimi siku hizi sisemi mwanafunzi "anajitetea". Wengi wao wanaeleza kwa uaminifu kitu ambacho hakikutokea.

Lakini kilichoniamsha zaidi ni tulichokifanya baadae. Nilichukua video zote za wiki, nikakata kila moja iishie reksisi ikishakamilika, kabla ya maji, ili asijue mwisho wake. Nikazichanganya. Nikampa afunge hesabu, hii skoa gani, hii skoa gani. Na mimi nikaandika zangu pembeni. Macho mengi kwenye darubini yanafanana, si rahisi kujua hili la nani.

Jicho la Jumatatu, lile la kwanza alilojipa tano, akalipa tatu.

Jicho la mzee wa Siyu, lile la mbili, akalipa nne.

Nilipomwambia ni zipi alinyamaza, halafu akaomba tupime. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa mtu mzima upana wake ni karibu milimita 12, kwa hivo ukisimamisha picha ukaweka ukingo wa karatasi kwenye skrini, ukatia alama upana wa konea halafu upana wa duara, unapata makisio mazuri tu. Duara la Jumatatu lilikuwa zaidi kidogo ya theluthi ya konea, tuseme milimita nne na kitu. La Jumatano lilikuwa kubwa kidogo, milimita tano hivi, na la mviringo mzuri zaidi. Kwa kiini kigumu kama kile ungetaka sita mpaka saba. Yaani siku zote duara lake lilikuwa dogo. Kosa lilikuwepo Jumatatu, Jumanne likawepo, na Jumatano hata lilikuwa limepungua. Tofauti ni kwamba mama wa Jumatatu alikuwa na kiini laini, kikapenya kwenye tundu dogo bila kulalamika, asubuhi yake akasoma 6/12, yaani kwa mita sita anaona kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita kumi na mbili, kila mtu akampa mwanagenzi mkono.

Sista ndo alisema kitu hapo. Yeye nyumbani hushona kofia, zile za mkono za wiki na miezi, akasema wateja wa kofia wako namna mbili, kuna anaeivaa akajiangalia kwenye kioo, na kuna anaeigeuza ndani nje kwanza akaangalia uzi ulivyopita. "Nyinyi madaktari," akasema, "mwaivaa kisha mwaipenda."

Na hapo ikabidi nitoe fomu yangu mimi ya Jumatatu. Reksisi: tano. Mimi, msimamizi, miaka yote hii, nilimpa tano. Sikuwa nimepima kitu, nilikuwa nimeona mgonjwa anatoka mzima. Tena niliijaza fomu ile asubuhi ya Jumanne, bendeji ishafunguliwa, 6/12 nishaiona.

Sasa uchambuzi wangu.

Watu wakizungumza habari ya wanafunzi kujipima, maneno yanakuwa ni yale yale, fulani anajiamini kupita kiasi, fulani hajiamini, kana kwamba ni tabia mtu kazaliwa nayo. Upo ushahidi kwamba madaktari kwa jumla hatujipimi vizuri. Mwaka 2006 kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, palitoka mapitio yaliyolinganisha madaktari walivyojipima na walivyopimwa na wengine, katika ulinganisho 20, 13 ulionyesha uhusiano mdogo, au hakuna, au wa kinyume kabisa, na waliokuwa mbali zaidi na ukweli ni wenye uwezo mdogo na wenye kujiamini sana. Ukisoma hayo unaona picha ya mtu mwenye kiburi. Lakini mwanagenzi wangu hakuwa na kiburi. Alikuwa anasoma kipimo kisicho chake. Alijipima kwa kilichompata mgonjwa, akadhani amepima mkono.

Na kujipima kwa matokeo ni halali, tena lazima, ila inataka idadi. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani tulichokulia nacho kilikuwa kwamba baada ya upasuaji, kwa miwani aliyonayo mgonjwa, angalau asilimia 80 wawe wanaona 6/18 au zaidi, na walio chini ya 6/60 wasifike asilimia 5. Sasa mtu kapasua macho tisa kwa wiki. Jicho moja tu ni asilimia 11. Likiharibika moja kashafeli dunia nzima, lisipoharibika kashakuwa bingwa, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokwambia habari ya mkono wake. Tisa ni kidogo mno. Mafundi wa jahazi Matondoni hawangoji chombo kizame ndo wajue ubao ulikaa vibaya.

Kuna na upande wa pili ambao hatuusemi. Ile Jumatano alipojipa mbili kila mahali, hilo nalo lilikuwa ni kosa, na naona ni hatari zaidi ya tano za Jumatatu. Maana mtu mwenye mbili kila mahali hana pa kuanzia. Atarekebisha nini? Kila kitu? Alhamisi asubuhi nilimuona anachonga njia ya kwanza kwa mkono unaotetemeka, na njia ndo ilikuwa kazi yake bora kuliko zote! Alikuwa anaharibu kilichokuwa kizima kwa sababu ya kosa la hatua nyingine. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mwengine, binti, miaka ya nyuma, yeye alikuwa anajipa mbili kila siku hata mambo yakienda sawa, tukamsifu kwa unyenyekevu, na sikumbuki kama kuna siku tulimuuliza mbili ya wapi hasa.

Tukarudi kwenye swali la kwa nini duara dogo. Hii ndo sehemu ambayo fomu haikusaidia, yalikuwa mazungumzo ya paani. Akasema anaogopa kingo kukimbia. Ukifungua kifuko ule mchaniko unaweza kuteleza kwenda pembeni mpaka nyuma, nayo ni balaa lake. Kwenye kiini cha kahawia huoni vizuri, ule mng'ao mwekundu wa nyuma ya jicho unaokuonyesha kingo haupo, kwa hivo anabana katikati anapoona. Nikamuuliza mbona hukuomba rangi ya buluu? Ile tunayoitia kupaka kifuko kionekane. Akasema alidhani kuomba rangi ni dalili hujui. Chupa ilikuwa kwenye sanduku, hatua mbili kutoka kwa mguu wake.

Unaona sasa. Tano za Jumatatu zilikuwa zimeificha hofu hii. Asingeisema kamwe, maana nani anasema hofu ya kitu alichopata tano?

Tulichobadilisha Ijumaa ni vitu vichache. Fomu inajazwa usiku ule ule kabla bendeji haijafunguliwa, wote wawili, mimi kwanza ndo nilazimike. Reksisi haipewi skoa kwa kumbukumbu, picha inasimamishwa inapimwa kwa karatasi. Na mara moja kwa wiki tunatazama vipande vilivyokatwa mwisho wake, vimechanganywa. Hili la kuficha si ujanja wangu. Majaribio yaliyochapishwa 2021, ya wanagenzi 50 kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waliofundishwa upasuaji huu huu kwa macho ya bandia, yalitumia watathmini wa video wasiojua hii ni ya nani. Sisi tumeongeza tu kwamba mwenye mkono nae asijue.

Tukirudi kwa mzee. Alhamisi asubuhi konea ilikuwa imevimba, kama kioo chenye mvuke, akasoma 6/60. Nilitaka kuzungumza nae mimi, mwanagenzi akasema hapana. Akachuchumaa mbele ya kiti, akamwambia mzee wangu jana kifuko cha jicho kilipasuka mkononi mwangu, Dakta akakitengeneza, lensi imekaa, kuona kutakuja ila kutachelewa. Kikohozi hakukitaja, na wakati huo video tulikuwa bado hatujaitazama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akainua kidole akagusa jicho la kushoto.

"Na ito hili la pili, utapasua weye?"

Akakosa jibu. Mimi nikasema tutaona inshallah, jibu la mtu mzima asietaka kujibu.

Wiki sita baadae alikuwa 6/18. La kushoto tulilifanya safari iliyofuata, mzee tulimweleza nani atakaa na nani atasimama, akasema akae yuleyule. Kiini kilikuwa tende ile ile. Mwanagenzi akaomba rangi ya buluu kabla hata hajavaa glavu. Safari hii sikuongea na mtu wa meza ya pili. Duara likatoka pana, likaanza kukimbia upande wa pua, akasimama, akaongeza jeli, akalirudisha. Kiini kikatoka. Usiku tukajaza, bendeji bado iko. Mimi reksisi nikampa nne. Yeye akajipa tatu, akaandika pembeni, "upande wa pua nilivuta kabla sijajaza jeli."

Nikamwambia unajibana. Akaniletea simu, tukaangalia. Alikuwa amevuta kabla. Nikafuta nne yangu. Asubuhi mzee akasoma 6/9, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii hakuna aliyekimbilia fomu.